Sakafu Nyembamba: Makazi ya Samaki wa Chini katika Ziwa Kivu na Mzigo wa Tope la Mto Sebeya, Nyundo, Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sifa na makazi ya samaki wa kitoweo wanaoishi chini ya maji katika upande wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Kivu, karibu na mlango wa Mto Sebeya unaopita Nyundo, wilayani Rubavu. Inaelezwa kwamba sehemu kubwa ya sakafu ya ziwa hilo haina oksijeni, hivyo samaki wa chini hubaki na ukanda mwembamba kandokando ya ufuo. Ukanda huohuo ndio unaopokea udongo kutoka milima ya Gishwati. Makala yanadai kwamba kanuni za uvuvi za Kivu zimejengwa zaidi juu ya sambaza, samaki wa maji ya wazi, na kwamba hatima ya kambale, kuyu na sato wa asili inaamuliwa zaidi katika mashamba ya juu ya Nyundo kuliko katika mitumbwi ya Gisenyi.

1.0 Utangulizi

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mvuvi akitaja samaki wa chini huwa ana maana ya chewa, changu, taa, mkundaji na wengine wanaotafuta riziki yao juu ya mchanga, nyasi za bahari au miamba. Wataalamu nao huwatofautisha na samaki wa maji ya wazi, kama vile dagaa, vibua na jodari. Tofauti hii haihusu tu mahali samaki anapokutwa. Samaki wa chini ana umbo, mdomo, hisi na namna ya kuzaa vinavyotegemea kuwapo kwa sakafu inayokalika. Sakafu ikiharibika, hana pa kuhamia, hata kama maji yaliyo juu yake yanabaki kuwa safi.

Rwanda haina bahari. Hata hivyo, swali la samaki wa chini linajitokeza Rubavu kwa namna ambayo huenda isionekane kwa urahisi Mombasa au Kilwa, kwa sababu Ziwa Kivu lina sakafu isiyo ya kawaida. Lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,370, kina chake cha wastani ni kama mita 240, na sehemu yake ya chini kabisa inafikia mita 485. Kwa kulinganisha, Ziwa Viktoria, lenye takriban kilomita za mraba 68,800, lina kina cha wastani cha mita 40 tu. Mtu anayetazama ramani anaweza kudhani kwamba Kivu, kwa kina chake, lina nafasi tele ya samaki wa chini. Ukweli ni kinyume chake.

Neno moja la istilahi linahitaji kuwekwa wazi. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, hakina neno moja lililokubalika kwa kundi hili. Baadhi ya waandishi hutumia mkopo wa kigeni, wengine husema samaki wa kina, jambo linalopotosha, kwa kuwa samaki wa chini anaweza kuishi katika maji yasiyozidi magoti. Hapa linatumika samaki wa chini, na sakafu kwa maana ya ardhi iliyo chini ya maji, iwe ya mchanga, tope, changarawe au mwamba.

2.0 Sifa za samaki wa chini wa Kivu

Ziwa Kivu lina samaki wachache. Spishi zinazojulikana ni takriban 29, na 15 kati ya hizo ni samaki wadogo wa jamii ya Haplochromis wasiopatikana kwingine kiasili. Uchache huu unatokana kwa sehemu na historia ya ziwa lenyewe. Zamani maji ya eneo hilo yalielekea kaskazini, upande wa bonde la Ziwa Edward, hadi volkano za Virunga zilipoyafungia njia. Ziwa likajaa, na baadaye likapata mkondo wa kutokea kusini kupitia Mto Ruzizi hadi Tanganyika. Samaki wengi wa asili wa Kivu wana undugu na wale wa Edward na Viktoria, si wale wa Tanganyika.

Miongoni mwa samaki wa kitoweo, kambale ndiye anayestahili kutajwa kwanza. Kambale mkubwa, Clarias gariepinus, hana magamba. Ana kichwa kipana kilichobapa, pezi refu la mgongoni na jozi nne za ndevu kuzunguka mdomo. Ndevu hizo ni viungo vya kugusa na kuonja, na kwazo hutafuta chakula usiku au katika maji yasiyopitisha mwanga. Hali yake katika tope inafanana na ya mkundaji wa pwani, ambaye huchokoa mchanga kwa ndevu zake mbili, ingawa samaki hao wawili hawana undugu wa karibu. Hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, mbegu na mizoga. Anaweza kuzidi urefu wa mita moja. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, na ndiyo sababu huvumilia madimbwi ambamo samaki wengine hufa. Kambale mdogo, Clarias liocephalus, hukaa zaidi kwenye vijito, vinamasi na kingo zenye majani au mawe.

Samaki wa pili ni Labeobarbus altianalis, wa ukoo wa kuyu. Huyu ana magamba makubwa, mwili wenye nguvu, na mdomo ulioelekea chini wenye ndevu fupi. Hupekua sakafu akitafuta wadudu, konokono na mabaki ya mimea. Jambo la msingi kwake ni kwamba hupanda mito ili kutaga mayai juu ya changarawe inayopitiwa na maji yenye oksijeni. Kwa hiyo maisha yake yanahitaji mambo mawili kwa pamoja: ukanda wa ziwa wenye chakula, na mto ambao sakafu yake haijazibwa na tope.

Sato, Oreochromis niloticus, anayeitwa ingege kwa Kinyarwanda, si samaki wa chini kwa maana kali, kwa kuwa hula pia mwani unaoelea. Anaingizwa humu kwa sababu ya uzazi wake. Dume huchimba kiota, shimo lenye umbo la sahani, katika sakafu ya maji mafupi, na hulilinda. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani na kuyaatamia. Pasipo sakafu ya kuchimbika hakuna kiota. Wale Haplochromis wadogo nao, wakiwemo wanaokwangua utando wa mwani juu ya mawe, ni sehemu ya jamii hiihii hata kama thamani yao sokoni ni ndogo.

3.0 Mahali sakafu inapokoma

Maji ya Kivu hayachanganyiki kutoka juu hadi chini. Chemchemi za chini ya ziwa huingiza maji yenye chumvi na gesi, ambayo ni mazito kuliko yale ya juu, na matokeo yake ni matabaka yanayodumu. Katika matabaka ya chini zimo kaboni dioksidi, takriban kilomita za ujazo 300, na methani, takriban kilomita za ujazo 60, zikipimwa kwa kanieneo ya kawaida ya hewa. Rwanda inaijua zaidi methani hiyo kama nishati: mtambo wa KivuWatt wa Karongi una uwezo wa megawati 26. Kwa samaki, matabaka hayo yana maana moja tu. Hayana oksijeni, na yana salfidi ya hidrojeni ambayo ni sumu.

Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, upepo na ubaridi huchanganya tabaka la juu, na oksijeni hufika hadi kama mita 60. Katika miezi ya mvua mpaka huo hupanda, na mara nyingi oksijeni hukoma kwenye mita 30 hadi 40. Katika Ghuba ya Kabuno, upande wa Kongo, hali ni ngumu zaidi: oksijeni hukoma karibu mita 11. Hata kambale mwenye kiungo cha kuvutia hewa hawezi kunufaika na sakafu iliyo chini ya mpaka huo, kwa kuwa angelazimika kuishi katika sumu na kupanda makumi ya mita kila anapohitaji kupumua.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mahali ambapo sakafu huteremka mita moja kwa kila mita nne za umbali, mita 60 za kina hufikiwa mita 240 tu kutoka ufuoni. Mpaka wa oksijeni ukipanda hadi mita 30, ukanda hupungua kuwa mita 120. Katika ghuba yenye mteremko mpole, wa mita moja kwa kila mita 20, ukanda huohuo ungekuwa na mita 1,200 msimu wa kiangazi na 600 msimu wa mvua. Kwa samaki wa chini, Kivu si bakuli kubwa bali ni kama ukosi wa kanzu. Aidha, ghuba pana na milango ya mito ina thamani isiyolingana na ukubwa wake, kwa sababu ndipo ukosi huo unapopanuka.

Ziwa Tanganyika pia halina oksijeni katika vilindi vyake, lakini katika sehemu yake ya kaskazini oksijeni hufika takriban mita 100. Ulinganisho huo unaeleza pia kwa nini maji ya wazi ya Kivu yalikaa bila samaki wa kuyatumia hadi kati ya 1958 na 1960, wakati utawala wa Kibelgiji ulipoleta kutoka Tanganyika vifaranga vya Limnothrissa miodon, dagaa ambaye asili ya ukoo wake ni baharini. Samaki huyo, sambaza, alistawi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mradi wa uvuvi ulioendeshwa kutoka Gisenyi kwa msaada wa Umoja wa Mataifa uliendeleza uvuvi wake wa usiku, kwa taa na wavu wa kuinua, kwa kutumia mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Leo uvuvi wa Kivu katika fikra za wengi, na katika kanuni, ni uvuvi wa sambaza.

4.0 Sebeya na kinachoteremka kupita Nyundo

Mto Sebeya huanzia katika milima ya Gishwati, juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, hukusanya maji ya vijito vya Rutsiro, Ngororero, Nyabihu na Rubavu, hupita Kanama na Nyundo, kisha humwagika ziwani kusini mwa mji wa Gisenyi, kwenye mita 1,460 hivi. Urefu wake haufiki kilomita 50. Mteremko wa zaidi ya mita 1,000 katika umbali mfupi kama huo huupa mto nguvu kubwa ya kubeba udongo. Nguvu hiyo imetumika kwa umeme katika vituo vidogo vya Keya, Gihira na Gisenyi, lakini kituo cha umeme hakichagui kinachobebwa na maji.

Msitu wa Gishwati ulikuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970. Ilipofika 2002, zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Malisho, mashamba ya viazi na makazi ya watu waliorejea baada ya 1994 vilichukua nafasi yake. Uchimbaji mdogomdogo wa madini kando ya vijito uliongeza tope lake. Tangu hapo hatua zimechukuliwa: sehemu iliyosalia iliunganishwa na Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na tangu 2019 serikali, kwa kushirikiana na shirika la IUCN, imekuwa ikiendesha urejeshaji wa bonde la Sebeya kwa matuta, upandaji miti na ulinzi wa kingo. Mashamba ya chai ya Pfunda, jirani na Nyundo, hufunika ardhi vizuri kuliko shamba la viazi lililolimwa upya mwanzoni mwa mvua, jambo ambalo wapinzani wa kilimo cha zao moja hawalipi uzito wa kutosha.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Sebeya ilifurika na kubomoa nyumba Rubavu, Nyundo ikiwemo. Taarifa za maafa hayo, kwa haki kabisa, zilihusu watu, makazi na barabara. Lakini udongo uliopita sebuleni mwa watu haukuishia barabarani. Sehemu kubwa ya kilichobebwa na mto huo mfupi huishia mahali pamoja.

Tope linapofika ziwani hujitenga kwa uzito. Changarawe na mchanga mzito hutua karibu na mlango wa mto. Maji ya mlimani, ambayo ni baridi kuliko ya juu ya ziwa na yamejaa udongo, huelekea kuzama na kutambaa juu ya sakafu badala ya kuelea, na udongo laini husambaa kwa njia hiyo. Kwa maneno mengine, tope husafiri hasa pale samaki wa chini wanapoishi. Sambaza aliye katika maji ya wazi hupata tu ukungu wa muda.

Athari zake si sawa kwa kila samaki, na hapa ndipo tathmini nyingi hukosea. Mayai ya kuyu yaliyotagwa kati ya changarawe hukosa oksijeni tope linapoziba nafasi. Kiota cha sato hufunikwa. Utando wa mwani juu ya mawe hupotea, na Haplochromis wanaoukwangua hukosa chakula na pia nyufa za kujificha. Kambale aliyekomaa, kwa upande mwingine, huonja gizani na huvuta hewa, kwa hiyo hustahimili. Ni kweli kwamba naye huhitaji kingo zenye majani yanayofunikwa na maji ya mvua, kwa kuwa hutaga mayai yanayonata kwenye mimea na kuyaacha bila ulezi. Hata hivyo, katika ufuo unaochafuka taratibu, kambale anaweza kuonekana mwingi sokoni huku wengine wakitoweka. Mshauri wa sera anayehesabu uzito wa samaki kwa jumla ataandika kwamba hali ni nzuri.

5.0 Kanuni zinazotazama upande mwingine

Rwanda hufunga uvuvi wa Kivu kwa takriban miezi miwili kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Agosti, na hupiga vita nyavu zenye macho madogo. Hatua hizi zina faida, na marufuku ya kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufuoni ukikwangua viota njiani, inawagusa moja kwa moja samaki wa chini. Lakini tope zito zaidi huteremka katika mvua za Machi hadi Mei, nje ya kipindi cha kufungwa, na halizuiliwi na askari wa ziwani. Kufunga ziwa hakuufungi mto.

Sheria ya mazingira ya 2005 iliweka umbali wa mita 50 kutoka ufuo wa ziwa na mita 10 kutoka kingo za mto ambamo kilimo hakiruhusiwi. Kwa ziwa ambalo ukanda wake wa uhai unaweza kuwa na upana wa mita 120 tu, mita 50 za ardhi kavu ni kinga kubwa kwa kulinganisha, mradi zibaki na matete na majani na si ukuta wa zege wa hoteli. Ukuta hauhesabiwi kuwa kilimo, na kwa mkulima aliyeondolewa ufuoni tofauti hiyo haieleweki. Kando ya mto, mita 10 kwenye mteremko mkali wa Kanama au Nyundo ni kidogo. Umbali unaolingana na mteremko ungefaa zaidi kuliko umbali mmoja kwa nchi nzima, ingawa gharama yake ingebebwa na kaya zenye mashamba madogo sana, na bila fidia au nyasi za mifugo zinazoweza kuvunwa kwenye ukanda huo pendekezo hilo litabaki kwenye karatasi.

Ufugaji wa sato katika vizimba unaongeza tatizo la takwimu. Vizimba huwekwa karibu na ufuo, mabaki ya chakula na kinyesi huangukia ukanda uleule au pembezoni mwake, na samaki wanaovunwa huuzwa pamoja na sato wa kuvuliwa. Rekodi isiyotenganisha wawili hao inaweza kuonyesha ongezeko la sato katika miaka ileile ambayo viota vya asili vinafukiwa. Upande wa Kongo, ambako wavuvi wa Goma hutumia maji hayohayo, rekodi hizo zingehitaji majina yaleyale ya samaki ili zilinganishwe. Kambale, sambaza na sato yanaeleweka pande zote mbili, na fomu ya pamoja ya Kiswahili isingekuwa kazi ngumu.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji meli ya utafiti. Kiwanda cha maji cha Gihira huchota maji ya Sebeya, na hakuna kiwanda cha aina hiyo kinachoweza kufanya kazi bila kupima tope la maji yanayoingia. Vipimo hivyo vikiwekwa kwa tarehe kando ya rekodi za mialo iliyo karibu na mlango wa mto, zikiwa zimetenganishwa kwa spishi, kuyu akiwa na safu yake na si chini ya neno mengineyo, itawezekana kuona kama misimu ya tope jingi hufuatiwa na upungufu wa kuyu na sato wachanga, na baada ya miezi mingapi. Wavuvi wa ndoana na migono wanaofanya kazi kandokando ya ufuo ndio wa kwanza kuulizwa. Katika mikutano inayopanga tarehe za kufunga ziwa, wenye mitumbwi mitatu ndio wanaosikika.